Konsoli kama deki ya muvi na saraundi: anza na matundu ya risiva yako, mashine ije baadaye

Mtu akitaka kujua konsoli gani inafaa kuangalia muvi za diski, swali la kwanza huwa ni picha, inacheza 4K au haichezi, alafu sauti anakuja kuikumbuka mwishoni wakati mashine ishafika nyumbani na risiva (ile amplifaya inayoendesha spika za saraundi) inaonyesha stereo tu. Mi nashauri ugeuze, anza na sauti. Picha kwenye konsoli zinazocheza diski za aina moja zinakaribiana sana, lakini njia ambayo sauti inapita kutoka kwenye diski mpaka ifike kwenye spika ndo inatofautiana vibaya mno kati ya mashine na mashine, na hapo ndo unakuta mtu kafunga spika saba na zinazolia ni mbili.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza PlayStation au Xbox, nenda nyuma ya risiva au saundibaa yako ukaangalie matundu.

Matundu yanasemaje

Kama risiva ina HDMI za kuingiza uko pazuri. Konsoli inaingia kwenye risiva, risiva inapeleka picha kwa tv na sauti inabaki pale pale, hakuna kitu kilichoko kwenye diski ambacho hakiwezi kufika. Cha kucheki ni umri wa hiyo risiva, sababu diski za Blu-ray za 4K zinadai ulinzi wa kuzuia kunakili unaoitwa HDCP 2.2 njia nzima, yaani kila kifaa kilichokaa kati ya konsoli na kioo lazima kiwe nao, na risiva ya zamani ambayo haina itakushushia picha hadi 1080p au usione kitu kabisa. Deki nyingi za 4K (zile mashine za kucheza diski tu, sio konsoli) zimeshatatua hili kwa kuweka HDMI mbili za kutoa, moja inapeleka picha kwa tv na ingine inapeleka sauti tu kwa risiva. Konsoli hazina hiyo, PlayStation na Xbox zote zina HDMI moja tu ya kutoa, na lile tundu la pili kwenye Xbox One ni la kuingiza, liliwekwa kwa ajili ya king'amuzi. Kwa hiyo kama una risiva ya zamani unayoipenda, yenye HDMI ila sio ya 4K, na tv ni mpya, deki yenye HDMI mbili inazishinda konsoli zote na hakuna setingi itakayobadilisha hilo.

Hali ya pili ni ya saundibaa au risiva ambayo inapata sauti kutoka kwa tv kupitia HDMI ya ARC. Hapa konsoli inaingia kwenye tv alafu tv ndo inarudisha sauti. Angalia vizuri kama ni ARC ya kawaida au ni eARC (toleo jipya lake), kwa sababu tofauti ya hizo mbili ni kubwa. ARC ya kawaida inabeba Dolby Digital (sauti ya saraundi iliyobanwa), inabeba Dolby Digital Plus ile inayotumika kwenye apu za muvi (hata ikiwa na Atmos ndani, ile sauti ya kutoka juu pia), na inabeba DTS (mshindani wa Dolby) kama tv yenyewe imekubali, maana kuna tv nyingi tu zinazoikataa DTS. Lakini haibebi Dolby TrueHD wala DTS-HD Master Audio, ambazo ndo sauti kamili za kwenye Blu-ray. eARC inafika megabiti 37 kwa sekunde, hiyo inabeba zote, pamoja na PCM (sauti iliyokwisha kufunguliwa) ya chaneli nane. Na lazima iwe eARC pande zote mbili, tv na saundibaa, moja ikiwa ni ya zamani mnarudi kwenye ARC ya kawaida.

Hali ya tatu ni risiva ya zamani yenye tundu la optiko tu, lile la taa nyekundu. Watu wanaidharau hii na mi naona wanakosea. Optiko inabeba PCM ya stereo au Dolby Digital na DTS za 5.1 (spika tano na sabwufa) zilizobanwa, basi, haivuki hapo. Kwenye DVD Dolby Digital inaishia kilobiti 448 kwa sekunde, kwenye Blu-ray inafika 640, na DTS ya kawaida iko kama megabiti 1.5. Linganisha na TrueHD ambayo kwenye Blu-ray inaruhusiwa kufika megabiti 18 na DTS-HD Master Audio inayofika 24.5 utaelewa kwa nini haziwezi kupita pale. Ila diski zimetengenezwa zikijua kuna watu wa optiko. Ndani ya DTS-HD Master Audio kuna kiini cha DTS ya kawaida ambacho kinaweza kutolewa peke yake, na TrueHD kwenye Blu-ray inatembea na Dolby Digital pembeni. Kwa hiyo bado unapata 5.1 ya kweli, spika za nyuma zinafanya kazi, sabwufa ina chaneli yake, na kwenye spika za kawaida ni sauti nzuri sana. Unachokosa ni Atmos, DTS:X (Atmos ya upande wa DTS) na chaneli za 7.1.

Bitistrimu au PCM, elewa hii kwanza

Nakaa hapa kidogo maana ndo mahali ambapo watu wanapotea. Sauti kwenye diski imebanwa, na lazima kuna mtu wa kuifungua. Ukichagua PCM, konsoli inaifungua yenyewe na kutuma chaneli zikiwa wazi, risiva inapokea tu na kuzigawa kwa spika. Ukichagua bitistrimu, konsoli haiigusi, inaipitisha vile ilivyo na risiva ndo inaifungua.

Kwa muvi ya 5.1 au 7.1 ya kawaida majibu ni yale yale. TrueHD na DTS-HD Master Audio zinabanwa bila kupoteza kitu, zikifunguliwa na konsoli au zikifunguliwa na risiva namba zinazotoka ni zile zile, kwa hiyo usihangaike na mtu anayekuambia bitistrimu "inasikika tamu zaidi" eti kwa sababu risiva inawasha taa ya TrueHD. Risiva ikionyesha PCM ya chaneli nyingi haimaanishi umekosa kitu.

Mambo yanabadilika kwenye Atmos na DTS:X. Hizi zimejificha ndani ya TrueHD na DTS-HD Master Audio kama maelezo ya ziada yanayosema kila sauti iko wapi hewani, na konsoli ikishaifungua muvi kuwa PCM yale maelezo yanatupwa, unabaki na 7.1 ya kawaida na spika za juu hazina cha kufanya. Kama una spika za dari au saundibaa inayorusha sauti juu, weka bitistrimu kwenye deki ya diski.

Upande wa pili, bitistrimu ina bei yake ndogo, zile sauti za ziada kama milio ya menyu ya diski au maelezo ya mwongozaji yanayotokea kwenye kidirisha kidogo juu ya muvi huwa hazisikiki, kwa sababu kuzichanganya kunahitaji mashine iifungue sauti kwanza. Ukiona menyu imekuwa bubu usidhani mashine imeharibika.

Sasa mashine zenyewe

PS2 ya mwaka 2000 ilikuwa deki ya DVD yenye optiko kwenye mgongo na inapitisha Dolby Digital na DTS za DVD bila shida. Bado inafanya kazi hiyo ukiikuta na lenzi nzima. Xbox ya kwanza, ya 2001, nayo inacheza DVD lakini lazima uwe na kifurushi cha rimoti kilichouzwa peke yake, bila kile kifaa cha kuchomeka haichezi muvi kabisa, ila kwenye gemu ilikuwa mbele ya wenzake wote kwa kutoa Dolby Digital 5.1 papo hapo gemu likiendelea. Wii na Wii U hazichezi DVD wala Blu-ray, diski inaingia vizuri tu lakini ni ya gemu.

PS3 inastahili heshima yake. Ilipotoka Novemba 2006 ilikuwa moja ya deki bora za Blu-ray, na kilichofanya iendelee kuwa bora ni apdeti. Uwezo wa kufungua DTS-HD Master Audio haukuwepo mwanzoni, ulikuja 2008 kwa apdeti, na muvi za 3D zikaja 2010 kwa njia hiyo hiyo, mtu hakununua kitu kipya. Lakini kuna PS3 mbili tofauti kwa upande wa sauti. Ile nene ya kwanza haiwezi kutoa TrueHD na DTS-HD Master Audio kwa bitistrimu, inazifungua yenyewe na kutoa PCM hadi 7.1 kupitia HDMI. PS3 nyembamba ya 2009 ndo inaweza zote mbili. Kwa hiyo kwa mtu mwenye spika za dari PS3 nene haifai, kwa mtu wa 5.1 haina kasoro. Na zile nene za mwanzo kabisa zina kitu ambacho PlayStation hazijawahi kurudisha, zinacheza SACD (diski za muziki za ubora wa juu), ukiwa mpenzi wa muziki wa saraundi hiyo peke yake ni sababu ya kuitunza. Kasoro ya PS3 zote ni kwamba hazina jicho la infraredi, rimoti yake ni ya bluetooth, rimoti ya risiva haiwezi kuiamuru bila kifaa cha kati.

Xbox 360 pita haraka. Diski zake za muvi ni DVD. Mwaka 2006 walileta deki ya nje ya HD DVD (diski iliyoshindana na Blu-ray), lakini Februari 2008 Toshiba walitangaza kuachana na HD DVD na hapo mambo yakaisha, Blu-ray haikuwahi kuwekwa. Ni deki nzuri ya DVD, basi.

PS4 ya 2013 inacheza Blu-ray na DVD, inapitisha TrueHD na DTS-HD Master Audio kwa bitistrimu, hapo haina matatizo. Matatizo yako kwenye vitu vilivyoondolewa. Haichezi CD za muziki, kitu ambacho PS2 na PS3 zilifanya. PS4 nyembamba ya 2016 imetolewa tundu la optiko, wakati ile ya kwanza na PS4 Pro zinalo. Na PS4 Pro, pamoja na jina lote la 4K lililobandikwa juu yake, haisomi diski za Blu-ray za 4K, inasoma Blu-ray ya kawaida tu na 4K yake ni ya gemu na apu. Hili limewaumiza wengi na bado nakuta watu wanainunua mkono wa pili kwa ajili ya diski za 4K, tafadhali usifanye hivo.

Na sasa nije kwenye ile ambayo kwangu ndo sanduku la muvi lililokamilika kuliko konsoli yoyote, Xbox One S ya 2016 (na ndugu yake Xbox One X ya 2017). Mtu akisikia hivo anashangaa maana kwenye gemu One S ni mashine ya kawaida tu. Lakini hesabu: inasoma Blu-ray ya 4K, Blu-ray ya kawaida, Blu-ray ya 3D, DVD na CD, ina tundu la optiko kwa risiva za zamani, ina HDMI kwa risiva mpya, inapitisha bitistrimu ikiwa na Atmos ndani, na ina jicho la infraredi kwa hiyo rimoti ya kawaida inaiamuru. Hakuna konsoli nyingine iliyokusanya hivo vyote, hata warithi wake wamepunguza. Tahadhari ni mbili tu. Uwezo wa bitistrimu kwa diski haukuwepo siku ya kwanza, ulikuja kwa apdeti, kwa hiyo mashine iliyokaa kabatini bila intaneti iapdeti kwanza kabla hujaihukumu. Na kuna One S ya 2019 isiyo na deki kabisa, inafanana sana na nyingine kwa mbali, angalia mdomo wa diski upo.

Halafu PS5 na Xbox Series X, zote za Novemba 2020. Kwa picha ya diski za 4K mi sioni sababu ya kuchagua moja na kuacha ingine. Zote zinatoa HDR10 (picha yenye mwanga na rangi pana zaidi), na zote hazitoi Dolby Vision, HDR ya Dolby wenyewe, kutoka kwenye diski. Series X inayo Dolby Vision kwenye apu na gemu, lakini ukiweka diski yenye Dolby Vision unapata HDR10, wakati deki nyingi za 4K zinazouzwa kama deki zinaitoa. Kama tv yako ni ya Dolby Vision na unanunua diski kwa sababu hiyo, jibu lako ni deki. Zote mbili zimeacha 3D, zote mbili hazina optiko. Tofauti zao ni hizi: Series X inacheza CD na ina infraredi, PS5 haichezi CD. PS5 kwa upande wake ni rahisi kupanga, sehemu ya sauti imenyooka, wakati Xbox ina kurasa mbili tatu za sauti zinazogusana na usipokuwa makini unaweka kitu hapa kinafutwa na kingine kule. PS5 ya 2023 kuendelea deki yake inachomolewa, PS5 Pro inakuja bila deki kabisa unainunua peke yake, na mara ya kwanza unapoichomeka lazima mashine iwe kwenye intaneti ili zitambuane, bila hapo haisomi diski hata moja. Series S haina deki, na kuna Series X nyeupe ya 2024 nayo haina.

Kuhusu Nintendo Switch kwa sababu naulizwa sana, haina diski hivyo muvi za diski sahau, lakini saraundi ya gemu ipo, na inatoa kwa PCM ya 5.1 peke yake, haijui Dolby wala DTS. Ukiipitisha kwa tv yenye ARC ya kawaida unapata stereo maana ARC haibebi PCM ya chaneli nyingi. Ichomeke moja kwa moja kwenye HDMI ya risiva, au uwe na eARC.

Kupanga mashine

Kitu cha kwanza unachotakiwa kujua ni kwamba sauti ya mfumo mzima na sauti ya deki ya diski ni setingi mbili tofauti, na hazitakiwi kufanana. Kwa gemu nataka PCM, kwa sababu konsoli ikianza kubana sauti ya gemu kuwa Dolby au DTS inachukua muda kidogo na mlio wa risasi unakuja ukiwa umechelewa. Kwa diski nataka bitistrimu.

Kwenye PS5 ingia setingi za sauti, sehemu ya sauti inayotoka, useme kifaa chako ni risiva au saundibaa, sio tv, chagua idadi ya spika, alafu aina ya sauti weka PCM. Hapo gemu zimemalizika. Kisha weka diski, muvi ikiwa inacheza bonyeza kitufe cha Options, nenda kwenye setingi za deki na ubadilishe aina ya sauti iwe bitistrimu. PS4 ni hivo hivo. Watu wengi hawajui kama hiyo menyu ya pili ipo kwa sababu haionekani mpaka diski iwe inacheza.

Kwenye Xbox kwanza pakua apu ya Blu-ray kutoka duka lake, haiji ikiwa ndani, kwa hiyo intaneti inahitajika angalau mara moja. Kisha kwenye setingi tafuta sehemu ya Blu-ray, kuna kisanduku cha kuruhusu risiva ifungue sauti yenyewe, kitie alama, hiyo ndo bitistrimu ya diski. Ukitaka Atmos ya gemu pia unahitaji apu ya Dolby Access, kwa spika za sebuleni ni bure, kwa hedifoni ndo wanatoza. Ila ukishaiwasha hiyo Atmos ya mfumo, risiva yako itaonyesha Atmos muda wote, hata kwenye DVD ya zamani yenye stereo, sababu konsoli inafunga kila kitu kwenye Atmos kabla ya kutuma. Kile kisanduku cha Blu-ray ndo kinaiokoa sauti ya diski isipitie huko.

Kama uko kwenye optiko na konsoli yako ni PS5 au Series X ambazo hazina hilo tundu, kuna njia mbili. Ya kwanza ni kutumia optiko ya tv. Weka konsoli itoe Dolby 5.1 kwa mfumo mzima badala ya PCM, kwa sababu ukituma PCM tv itakutolea stereo, na hata ukituma Dolby kuna tv ambazo zinaishusha kuwa stereo zenyewe, ingia setingi za tv uweke sauti ya kupita bila kuguswa. Njia ya pili ni kile kisanduku kidogo kinachokaa katikati ya waya wa HDMI na kutoa sauti kwa optiko. Kinafanya kazi vizuri, lakini hakikisha kinapitisha 4K na HDCP 2.2 la sivyo utakuwa umepona sauti umeua picha.

Usisahau 24. Muvi nyingi zimepigwa picha 24 kwa sekunde na tv inapenda 60, na 24 haingii kwenye 60 kwa usawa, picha moja inakaa mizunguko mitatu inayofuata miwili, na hapo kamera ikitembea pole pole unaona picha inadunda dunda. Kwenye Xbox kuna kisanduku cha kuruhusu 24Hz kwenye ukurasa wa aina za video, kitie alama. Kwenye PS3 na PS4 iko kwenye setingi za video za deki, iache otomatiki. Ukishazoea 24 safi huwezi kurudi.

Kingine ni setingi ya kupunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo, ile ya kuangalia usiku. Ikiwa imewashwa mlipuko na mnong'ono vinakaribiana. Nzuri kama kuna watoto wamelala, lakini mchana izime maana unaua ndo utamu wenyewe wa diski.

Kujua kama imefanya kazi

Usiamini masikio peke yake kwa hili, amini kioo cha risiva. Weka diski unayojua kwa kusoma gamba lake kwamba ina TrueHD au DTS-HD Master Audio, chagua hiyo sauti kwenye menyu ya diski (diski nyingine zinaanza na sauti ya lugha nyingine au ya stereo zenyewe, usilaumu mashine), kisha bonyeza kitufe cha taarifa kwenye rimoti ya risiva. Ikiandika jina la ile sauti, bitistrimu inapita. Ikiandika PCM ya chaneli nyingi, konsoli inafungua, na ni sawa kama sio Atmos. Ikiandika Dolby Digital tu wakati gamba linasema TrueHD, kuna mahali njia imebanwa, mara nyingi ni ARC ya kawaida. Ikiandika PCM ya stereo kuna setingi bado inasema kifaa chako ni tv. Na kuwa makini na risiva zinazopenda kujaza spika zote kwa hila zao, unaweza kusikia sauti nyuma kumbe ni stereo imesambazwa, ndo maana nasema soma kinachoingia na sio kinachotoka.

Ukishahakikisha, malizia na spika zenyewe. Kwa 5.1 zile za nyuma hazikai nyuma kabisa, zinakaa pembeni na nyuma kidogo ya masikio, kama digrii 110 hadi 120 kutoka mbele. Zikiwa ndogo waambie risiva ni ndogo, mkato wa 80Hz ni mahali pazuri pa kuanzia, besi ya chini ya hapo iende kwa sabwufa. Sauti ikichelewa au kutangulia midomo, rekebisha kwenye risiva.

Ukinunua iliyotumika

Nenda na diski tatu zako mwenyewe, DVD, Blu-ray na ya 4K kama mashine inadai inasoma. Lenzi inaweza kusoma aina moja na kushindwa ingine. Usiishie kwenye menyu, ruka hadi sura za mwisho za muvi, hasa kwenye ile ya 4K, sababu diski za GB 100 zina tabaka tatu na lenzi iliyochoka inashindwa katikati ya muvi inapobadilisha tabaka, sio mwanzoni. Kaa dakika kadhaa sauti ikiwa imezimwa usikilize feni, maana feni ya konsoli ambayo kwenye gemu huisikii, kwenye muvi yenye ukimya itakukera kila siku. Konsoli pia inakula umeme zaidi ya deki kwa muvi ile ile na inapiga joto zaidi, iachie nafasi nyuma usiifungie kabatini.

Uliza pia eneo la diski. Gemu za konsoli za sasa hazijali eneo, na hiyo inawafanya watu waamini muvi nazo ni huru, lakini sio. Blu-ray ya kawaida ina maeneo A, B na C, DVD ina namba zake, na konsoli iliyotengenezwa kwa soko moja itakataa muvi ya soko lingine huku gemu la huko huko linacheza. Blu-ray za 4K zenyewe hazina kufuli hiyo, lakini ile diski ya Blu-ray ya kawaida inayokuja kwenye boksi hilo hilo inaweza kuwa nayo.

Na kwenye deki mbovu, usikubali hadithi ya kwamba "ni lenzi tu utabadilisha". Lenzi kweli inabadilishika kwa fundi anayejua, lakini deki nzima kwenye konsoli nyingi za PlayStation na Xbox (ukiacha ile ya PS5 inayochomolewa) imefungwa kwa namba ya siri na ubao wa mashine yake, ukitoa deki ya mashine nyingine ukaipachika haisomi, labda fundi ahamishe na ubao mdogo wa ile deki ya zamani, na kwenye baadhi ya matoleo hiyo sehemu iko kwenye ubao mkuu wenyewe. Muuzaji akikataa usiingize diski zako pale pale, iache hiyo mashine utafute nyingine.